Pini ya Winchi

Kwako mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Mvua zimekuja zimekwenda, wewe huonekani. Miguu imekufa ganzi, au kwetu kumeota miiba? Ningekuwa na nguvu ningekufuata huko huko nikutie bakora mbele ya hao wanaokuita injinia. Haya, pokea salamu. U mzima? Unakula? Mimi nipo, magoti ndiyo yamegoma. Anayeniandikia ni jirani yetu mshona viatu. Mistari ikipinda usimcheke, amezoea kushika sindano.

Mjomba wako hajambo ya kusema tu. Ule mguu ulioangukiwa na injini ya lori gerejini waliukata chini ya goti, na sasa kidonda kimepanda juu. Jana daktari alizungumza nami huku akitazama dirisha. Nimezaa na nimezika, najua daktari akitazama dirisha maana yake nini.

Maumivu yakipoa, mjomba wako ananifundisha kazi yenu ya vyuma. Juzi alichukua uzi wangu wa kushonea akaniambia nivute. Nilivuta mpaka ukanichana kidole, wenyewe mzima. Akaupitisha kwenye mkasi, ukakatika bila hata kulia. Akasema chuma nacho ndivyo kilivyo: kuvutwa kinavumilia sana, kukatwa ubavuni kinachoka mapema. Kama hujui nguvu yake ya kukatwa, shika ile ya kuvutwa, chukua humo sehemu sita tu katika kumi, ndipo upange unene wa pini. Nikamwambia hata babu yako alikuwa hivyo hivyo, umvute mwaka mzima haji, umsemee pembeni kidogo tu, kwisha. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akageukia ukutani, mabega yakitikisika, na hakikuwa kicheko tena.

Ndipo akanimwagia yote. Gereji nzima inaamini pini ya winchi, ile mashine iliyoinua injini, ililiwa na kutu ikakatika. Yeye ndiye aliyewaambia hivyo, nawe ukanyamaza.

Mume wangu, anajua. Asubuhi ile ya ajali alirudia hesabu ya pini uliyompangia, akaona umechukua nguvu ya kuvutwa nzima nzima, ile sita katika kumi umeisahau. Akatoka mbio kwenda kuichomoa. Akakuta mafundi wawili wameshainua injini, wameinama chini yake. Akawasukuma wakatoka. Yeye hakuwahi kutoka.

Amenikataza nisikwambie, anaogopa utaiacha kazi. Nimekwambia, akinuna, na anune. Wewe unamkimbia ukidhani hajui, na yeye kila mlango ukilia anainua kichwa. Mtaonana lini, akishafunikwa?

Mama yako anakusalimu, na mshona viatu naye, ambaye hapa amesimama kidogo kufuta macho.

Ukija usilete matunda, mjomba wako hali tena chochote. Kereza pini mpya, uipigie hesabu yote, uje uiweke mkononi mwake. Usifungue mdomo mpaka amalize kuipima kwa vidole. Na usingoje mwisho wa mwezi.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikikutukana.