Asante kwa Kututunzia Kahawa

Kitura,
Mbinga.
12 Mei 2003

Mpendwa kaka Cuthbert,

Shikamoo. Wewe na wifi Scholastica hamjambo? Kile kikohozi cha Dar es Salaam kimekuachia? Sisi huku wazima, ila baridi imeanza mapema. Mama anaota moto tangu asubuhi na kulalamika kwamba kuni zimelowa, kwa hiyo ujue hajambo kabisa.

Karatasi za filamu yenu nilizipata, nimezisoma mara tatu. Nashukuru kunichagua niwe yule mjane anayedai shamba la kahawa lililochukuliwa na shemeji yake. Kisa hicho hukukitafuta mbali, mwizi wewe!

Ila maneno uliyompa siyasemi. Mjane wako anaingia kwa shemeji bila hodi, anamnyooshea kidole na kupiga kelele, "Nirudishie shamba langu!" Shemeji anaona haya, anarudisha. Kaka, umekaa mjini mno. Umesahau mwaka juzi nilivyomfanyia shemeji Isidori hivyo hivyo? Wazee walinitoza jogoo kwa kukosa adabu, wakamla, wakaenda zao. Shamba la marehemu Egidi wangu halikutajwa hata mara moja.

Sasa sikia nilichofanya Pasaka hii. Baada ya misa wazee walikuwa wamekaa kwa Isidori. Nilipiga hodi, nikapiga magoti, nikamwamkia. Akaitikia marahaba. Nikamwambia, "Shemeji, nimekuja kukushukuru mbele ya wazee. Tangu kaka yako afariki umewatunzia watoto wake kahawa yao, umepalilia, umepogolea. Mungu akuzidishie." Kisha nikangoja, magoti bado chini.

Angejibu nini? Akikataa shukrani, atakuwa ametangaza wizi kwa kinywa chake mwenyewe. Alinitazama weee, jasho linamtoka na baridi yote ile. Mwisho akasema, "Haya, shemeji. Si kitu, ni watoto wetu." Mzee Bernadi akadakia, "Vizuri sana. Na kahawa yenyewe inakaribia kuiva. Unawakabidhi lini?"

Tulikabidhiwa Jumatano. Binti yangu Hildegardi ndiye aliyeshika kamba ya kupimia mipaka. Nilipobaki peke yangu nililia sana, kaka, kwa furaha na kwa hasira ya ile miaka yote.

Kwa hiyo mjane wako atabisha hodi, atapiga magoti, atashukuru. Usiniambie watazamaji wa huko wanapenda kelele. Nao waone mtu anavyobanwa kwa heshima mpaka akose pa kutokea. Na shemeji wa filamu mtafute mtu anayejua kunyamaza, maana kazi yote iko kwenye jibu lake.

Njooni na kamera mwezi wa saba, tukiwa tunachuma. Siku hizi wanunuzi binafsi wanafika na magari yao hadi kijijini, mtapata usafiri wa kurudi Mbinga mjini.

Nisalimie wifi na watoto, pia mjomba Nicholaus ukimwona. Mama na Winifrida wanakusalimu sana.

Karibu nisahau. Kaka, asante sana kwa kukubali kubadilisha yale maneno. Nimeshamweleza mama, na mzee Bernadi, na wanajumuiya wote, jinsi ulivyokubali bila ubishi. Wamekusifu mno. Mungu akubariki kwa usikivu huo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, mwenye shamba,

Ephrasia