Mama Hajavuka Yordani

Kericho, 4 Mei 2025

Mwanangu Cherotich,

Salamu nyingi. Natumai huko Sydney u mzima. Mimi ni mzima, na leo neno hilo ulisome mara mbili, kwa sababu tangu jana boma limejaa watu waliokuja kunililia. Wameleta sukari, unga na kuni. Mzee wa kanisa alinikuta nikikamua ng'ombe, akaanza kukemea pepo.

Wameona video yako kwenye kikundi cha kanisa. Umesimama na watu wa banjo, lile gitaa la mviringo la Wazungu, unaimba kwamba mama amevuka Yordani, mtaonana ng'ambo. Nani alikuambia nimekufa?

Ni mimi mama yako, niliye hai.

Merrylands, Sydney, 10 Mei 2025

Mama mpendwa,

Habari za nyumbani? Mimi sijambo, ni uchovu wa zamu za hospitali tu. Pole kwa usumbufu, lakini mama, huo ni wimbo. Nyimbo za banjo zimejaa Yordani, ngazi ya Yakobo na kondoo aliyepotea, na mama ni lazima awe amekufa. Njenga, mpiga gitaa wetu, amemuua mama yake katika nyimbo tatu, na bado humpigia simu kila Jumapili. Tukiimba kwenye baa mjini, watu hulia. Waeleze majirani hivyo.

Binti yako,
Cherotich

Kericho, 18 Mei 2025

Cherotich,

Sisi wazima, ng'ombe pia. Nimewaeleza. Mama Chepkoech amebeba sukari yake akaenda nayo.

Nimewafundisha watoto wa kanisa Biblia tangu hujazaliwa, kwa hiyo nisikilize. Waliovuka Yordani walivuka wakiwa hai, miguu mikavu. Aliyekufa ni Musa, na hakuvuka. Ukitaka kuniua, niue kwa Maandiko sahihi.

Halafu huyo mama Njenga anapigiwa simu kila Jumapili. Mimi ulinipigia lini? Tangu uende hujarudi, kila mwaka ni zamu, zamu. Niliusikiliza wimbo hadi mwisho. Uliimba vizuri, na uliniimba kama mtu uliyekwisha kumaliza kumlilia. Hilo limeniuma kuliko watu wote waliojaa hapa.

Mama yako

Merrylands, Sydney, 15 Juni 2025

Mama,

Natumai hasira zimepungua. Zangu zilikuwa nyingi, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Niliona unanionea kwa sababu ya wimbo.

Jana nilisimama kuuimba nikashindwa nilipofika kwenye neno mama, ikabidi Njenga aumalizie. Mama aliyekufa ni rahisi kumwimbia, kwa sababu hamuulizi mtu atarudi lini. Wewe umeniuliza. Nimekata tiketi. Nitafika tarehe tisa Agosti, asubuhi.

Mtoto wako,
Cherotich