Kopo la Bibi Lilipoa Mapajani Mwangu

Tanga, Jumatano, Mei 1957

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika adhuhuri, na uani kwetu sasa ni matope matupu. Nimekaa kwenye kitanda cha kamba, daftari magotini. Bibi amelala chumba cha pili. Kila anapoguna nahisi ananiita kwa jina langu.

Kuna jambo sijaliandika tangu Alhamisi iliyopita. Nimeandika kuhusu hesabu, kuhusu mwalimu wetu mpya wa Kiingereza, hata kuhusu kuku wa jirani. Hili nimelikwepa.

Bibi anahara damu, wiki ya tatu sasa. Huja na kamasi na msokoto wa tumbo, hutulia siku mbili tatu, kisha hurudi. Daktari alitueleza kwamba kuhara damu kuna namna mbili, na kwa anayeumwa zinafanana kama Kurwa na Doto. Moja huletwa na vijidudu vidogo mno. Aghalabu huanza ghafla, na homa juu, na dawa yake ni vidonge. Nyingine huletwa na mdudu aitwaye amiba, huja polepole, huenda na kurudi, na dawa yake ni sindano. Lakini sindano hizo huudhoofisha moyo, na Bibi ni mtu mzima. Hawezi kudungwa kwa kubahatisha. Lazima huyo amiba aonekane kwenye darubini akiwa hai, anatembea. Choo kikishapoa mdudu hujikunja akatulia, na ni vigumu kumtambua.

Bibi alikataa katakata kutumia choo cha hospitali. Mwanamke wa umri wake aonekane na wanaume akiingia msalani mchana kweupe? Alisema bora afe na tumbo lake. Basi tukapewa kopo la bati lenye kifuniko, na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza. Nyumbani kwetu anayekijua Kiingereza ni mimi peke yangu. Niliwasomea: choo cha mgonjwa kifikishwe kingali na moto, kisipite nusu saa.

Mimi ndiye niliyesoma. Siwezi kusema sikujua.

Alhamisi asubuhi nikatoka Barabara ya Kumi na Mbili, kopo nimelifunga kitambaa na kulificha ndani ya buibui. Ukikaza mwendo unafika hospitali kabla ya nusu saa. Karibu na soko nikakutana na Mwanaidi na Zuhura, wa darasani kwetu.

"Umebeba nini hicho?" Zuhura akauliza.

"Asali," nikasema. Sijui neno hilo lilitoka wapi. "Ya kule Amani, milimani. Napeleka kwa mgonjwa."

"Tuonjeshe basi, usiwe mchoyo."

Nikasema imefungwa. Wakanishika mkono, twende dukani tukatazame kanga mpya. Niliogopa kwamba nikikataa watauliza zaidi. Nikaenda. Nikakaa kwenye kibaraza cha duka, kopo mapajani, huku nalisikia joto lake likitoka kidogo kidogo, mpaka bati likawa baridi kama chuma cha dirisha. Tuliagana jua limeshapanda.

Hospitali, mzee anayepima kwa darubini alilipokea kopo kwa mikono miwili. "Kimetoka saa ngapi, mwanangu?"

"Sasa hivi, baba."

Akatazama, akaandika kwamba hakuna amiba. Bibi akapewa vidonge.

Leo ni siku ya sita anavimeza, na mbavu zake zinahesabika. Asubuhi tumempeleka tena. Yule mzee akamwuliza Mama, "Kile choo kilifika na moto kweli?"

Mama akaapa. "Wallahi, bwana. Binti yangu huyu hajui uongo. Alikwenda mbio, hata chai hakunywa."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, natazama sakafu. Nafasi ya kusema ilikuwapo. Nikaiacha ipite.

Na chai nilikunywa.

Tulipomrudisha Bibi nyumbani nikaaga kwamba nafuata kitabu shuleni, nikarudi hospitali peke yangu. Nikamwamkia mzee wa darubini shikamoo, nikamwambia yote, hata ile asali. Hakunifokea. Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mimi niliandika hakuna," akasema. "Daktari akaniamini mimi, kwa kuwa mimi nilikuamini wewe."

Kisha akaniagiza nilete kingine kesho, kopo limezungushiwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto.

Angenipiga ningeshukuru.

Nyumbani nikaanza kukiri kwa Bibi, maana kopo la kesho linatoka kwake. Nilimsimulia nimempa mgongo, nakunja nguo.

"Asali?" akasema. "Mimi huyu, umeniita asali?"

Akacheka, na kicheko kikamsokota tumbo, ikabidi nimshike kiuno nimkimbize msalani. Amekuwa mwepesi kama mtoto. Tulipokuwa tunarudi akanipapasa mkono. "Mke mwenzangu, mama yako usimwambie. Nitasema mimi. Nitasema nilikupa kimeshapoa."

Kuniita mke mwenzie ni utani wake wa siku zote. Lakini hilo jingine hakulisema kwa utani. Mtu anayeumwa kwa sababu yangu alikuwa tayari kujitwika na kosa langu. Na Mama ameshaapa kwa ajili yangu. Je, wangapi waseme uongo ili mimi nisione haya?

"Hapana, Bibi," nikamwambia. "Niachie mwenyewe."

Bado sijasema. Nimekaa hapa naandika kwa kuwa karatasi hainitazami. Huenda ni amiba, huenda siye. Kesho haitajulikana nikisimama njiani. Zuhura akiuliza nimebeba nini, nitamwambia ni choo cha Bibi.

Mama yuko uani, namsikia anateka maji ya kutawadha. Kile kiapo kiko shingoni mwake naye hana habari. Naenda kumwambia kabla hajatandika msala aswali.