Kipande cha Pili

Ushirombo, Agosti 1954

Baba Philomena,

Sisi wazima. Pamba tumeshauza, na mwanao ameota meno mawili.

Kanga uliyompa Masele aniletee kutoka huko mgodini Geita nimeipata. Niliipeleka ikiwa bado imekunjwa kwa Selestine, fundi cherehani, aikate na kuipinda. Akaikunjua mbele ya watu, akasema, "Mama Philomena, kanga huuzwa doti. Hapa kuna kipande kimoja tu, kimeshakatwa. Cha pili kajifunga nani?"

Nikakikunja tena kile kipande.

Huyo Selestine amenisumbua tangu uondoke, nami nilikuwa nampita kama sijamsikia. Siku ile nilisimama nikamsikiliza. Alinipa doti nzima, nikapokea. Mengine usiniulize, maana na mimi sikuulizi.

Jumapili nilikwenda misani nimejifunga kimoja, nimejitanda kingine. Mama yako akaniuliza pale mlangoni nimevipata wapi. Nikamwambia, "Kwa Selestine," wala sikushusha sauti.

Kipande chako anacho Masele, anakurudishia. Mpe huyo mwenye cha pili, doti yake itimie. Yangu imeshatimia.

Ni mimi,
Mama Philomena