Stempu ya Nahodha

Mpendwa Nyambura,

Huku Nyeri tuko salama. Cucu, nyanya yako, amepona mguu, na jana alienda sokoni Karatina.

Umeniuliza kwa nini mimi huandika anwani yangu ndani ya barua, ilhali tayari iko nyuma ya bahasha. Nikiwa kijana nilikusanya stempu za mabaharia mashuhuri. Kaka yangu Mwangi alituandikia kutoka ng'ambo kwamba amehama, na anwani mpya akaiandika nyuma ya bahasha. Mimi nilimwona tu nahodha mwenye ndevu kwenye stempu. Nikailoweka bahasha kwenye karai ili stempu ibanduke, na wino wote ukatoka. Mama hakuweza kumjibu. Tulingoja barua nyingine, haikuja. Labda alidhani tumemnyamazia.

Stempu ilibanduka vizuri, bila kuraruka. Bado ninayo.

Babu yako, Guka