Mwenyeji wa Kisiwa Asichowahi Kukiona

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, maana zimebaki siku kumi na mbili tu boti iondoke na mimi nimeshachaguliwa kiongozi wa msafara, hata kofia nimeshonewa, imeandikwa MWENYEJI kwa uzi wa dhahabu, ipo hapa juu ya kabati inanitazama.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo ya viti viwili, kimoja changu na kingine cha shoga yangu ninayefanya naye kazi tangu tukiwa wasichana. Miaka tisa iliyopita nilipatwa na matumbwitumbwi, mtu mzima mimi, mashavu yakavimba kama nimeficha malimau mdomoni, nikaona aibu nikajifungia nyumbani wiki nzima bila kumwambia mtu, na siku niliporudi mteja wa kwanza akaniuliza, "Wewe mwanamke ulipotelea wapi?" Macho yangu yakaangukia kalenda ukutani, ina picha ya kisiwa, mchanga mweupe na minazi, basi mdomo ukanitangulia, nikasema nilikuwa kisiwani na mume wangu. Ningenyamaza hapo yangeisha, lakini saluni unaijua, mtu anakaa saa tano kichwa kimeinama, lazima umpigie soga, wakaniuliza maji yakoje nikasema ya vuguvugu, wakaniuliza hoteli ikoje nikasema bafu halina paa, unaoga huku ukitazama nyota, leo natia chumvi na kesho naongeza nyingine.

Kisha akaanza kuja mama mmoja, mkunga mstaafu, kichwa cheupe pe, kumbe yeye alifanya kazi kisiwa hichohicho miaka miwili ya ujana wake. Siku moja tukiwa wawili tu akanisimulia alivyoingiza mguu kwenye kiatu asubuhi akamkuta kaa ndani, akarukaruka kwa mguu mmoja hadi wodini, tukacheka mpaka nikaangusha kitana. Mshauri, wiki haikuisha nikawa nimemhamishia yule kaa kwenye kiatu changu mimi! Tangu hapo kila anachonisimulia nakigeuza changu, naye huwa yupo palepale chini ya draya, gazeti usoni, ila nadhani hasikii, kwa sababu mashine inavuma na umri umekwenda. Gazeti huwa linatikisika kidogo, nadhani ni mikono ya uzee.

Mwaka huu wateja wangu saba, mkunga akiwamo, pamoja na shoga yangu, wakaamua twende wote kisiwani, na aliyenipendekeza niwe kiongozi ni mkunga mwenyewe, akasema, "Mwacheni binti yangu atuongoze, anakijua kisiwa kile kama nilivyokijua mimi." Wakapiga makofi. Sasa maswali hayaishi, juzi mmoja kaniuliza mtu akae upande gani wa boti asitapike, nikajibu kushoto bila hata kupepesa macho, na wote wanane wameomba viti vya kushoto. Ukweli ni kwamba boti sijawahi kuipanda, kuogelea sijui, na bahari yenyewe sijawahi kuiona kwa macho yangu.

Mume wangu ni fundi bomba, mtu wa maneno machache, miaka yote tisa akiulizwa kisiwani kulikuwaje hujibu neno moja tu, "Joto." Nilipomlilia anisaidie alifikiri siku mbili nzima, akaniambia, "Sema una matumbwitumbwi."

Kinachoniuma kuliko vyote ni huyu shoga yangu. Mwaka alioachwa na mumewe, jioni tukifagia nywele alikuwa ananiambia, "Hebu nisimulie kile kisiwa," namsimulia mpaka anatabasamu, ndipo anakwenda nyumbani. Akijua kwamba hata siku zile nilikuwa namdanganya, nitamwangaliaje, na viti vyetu vinatazama kioo kimoja? Sitaki kumpoteza. Nijitie ugonjwa nibaki, au niende nijikaze kisabuni? Maji yamenifika shingoni, mshauri, na baharini kwenyewe sijafika.

Ni mimi, mwenye kofia.

*

Dada mwenye kofia, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikitafuta kandambili ya kukuchapia. Upande wa kushoto! Watu wazima wanane wajazane upande mmoja wa boti kwa sababu ya mdomo wako? Kabla ya lolote, wahamishe.

Mumeo mshukuru. Si kila mwanaume angekutunzia siri miaka tisa kwa neno moja. Lakini matumbwitumbwi yake usiyaguse. Ukibaki nyumbani, wenzako watakwenda, watarudi, wataanza kukusimulia kisiwa chako, nawe utaitikia "ndiyo, ndiyo, ndivyo kulivyo" mpaka uzeeke. Utachoka.

Sasa mkunga. Una akili ya kubuni bafu lisilo na paa, halafu unakosa akili ya kusoma gazeti linalotikisika? Huyo mama kazi yake yote ilikuwa kuweka sikio kwenye tumbo la mzazi na kusikia moyo wa mtoto ambaye hajazaliwa, leo draya ndiyo imzibe masikio? Amemsikia kaa wake akihamia kwenye kiatu chako, na alikuwa anacheka, dada yangu. Soma tena maneno yake, umeyaandika mwenyewe kwa mkono wako: "kama nilivyokijua mimi." Anajua ulikipata wapi. Angetaka kukuumbua, nafasi alikuwa nazo kila wiki. Badala yake amekutafutia safari. Mpelekee shukrani, na umwombe radhi kwa ajili ya kaa.

Kwa shoga yako sicheki. Ulimdanganya wakati alipokuwa ameumia, na hilo lina uzito hata kama ulikuwa na nia njema. Kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuambiwa, kabla ya mkunga, kabla ya mteja yeyote. Kesho asubuhi, mlango bado umefungwa, mkalishe kwenye kiti cha wateja, kigeuze kiache kioo, nawe uvute stuli ukae mbele yake, mikono mitupu. Mwambie: sikwenda, niliugua, nikaona aibu, nikakudanganya miaka tisa. Halafu funga mdomo. Najua kwako hiyo ndiyo sehemu ngumu. Akikasirika mwache akasirike, usimchekeshe wala usimwongezee hadithi. Mtu aliyekaa nawe kwenye saluni moja tangu usichana hatakuacha kwa siku moja, lakini ana haki ya kununa.

Jumamosi waambie waliobaki, kwa ufupi, ukiwa umesimama. Kofia mvalishe mkunga.

Nimalizie na jambo ulilolitaja juujuu kama vile si kitu. Bahari hujawahi kuiona! Mtu huiona bahari kwa mara ya kwanza siku moja tu maishani mwake. Ukienda na uongo wako, siku hiyo wenzako watakuwa wanavua viatu na kupiga vigelegele, na wewe utakuwa umesimama nyuma yao, mikono umekunja, unasema, "Si niliwaambia?" Mimi nakuonea huruma kwa hilo kuliko aibu zote unazoziogopa.

Kwa hiyo nenda. Kwenye boti kaa katikati, hapayumbi sana kama pembeni, vaa jaketi la kuokolea hata wakikucheka, na shoga yako akikupa mkono, ushike. Mkifika piga kelele kuwashinda wote. Na asubuhi ya kwanza, kabla hujavaa kiatu, kikung'ute. Kaa atakayetoka humo atakuwa wako.