Ana Mama Wawili, Anaimba Hana Baba

Mpendwa mshauri Rukaya, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kujutia. Mimi ni mjane wa hapa kijijini Nyanungu, sikujaliwa kuzaa, mume wangu Nyangwine alipofariki nilitoa ng'ombe nikamwoa Wegesa kwa desturi yetu sisi Wakurya ya nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke na kushika nafasi ya mume, ili anizalie watoto wa nyumba hii, akanizalia Kornelio, nikambeba mgongoni, nikamsomesha kwa kuuza ndizi, halafu dhahabu ikampanda kichwani akaacha shule akaenda kuchimba kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, huko akadhulumiwa, akanywa gongo, akarudi amekonda kama ufito, sisi mama zake wawili tukamlisha mpaka akasimama, na leo ni mwanamuziki wa rap, kila simu hapa kijijini ikiita inatoa sauti yake, "Sina baba, nashuka duara kumtafuta," hata simu ya katekista, na wanawake kisimani wananiuliza kama mtoto amenikana, nami nimeumia sana kwa sababu ng'ombe niliwatoa mimi na mwenye nyumba hii ni mimi. Jumamosi anamleta mchumba wake Adhiambo tumwone. Nimemwambia Wegesa nitawafungia lango, yeye anacheka tu. Niwafungie?

Mama wa Nyanungu

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo mama. Pole kwa maumivu, ila na mimi nimecheka kama Wegesa, utanisamehe. Wewe wimbo hujausikia. Umesikia mlio wa simu, tena mpaka pale mwenye simu anapopokea, basi ukatoa hukumu.

Mimi nimeusikiliza wote mara tatu, na mara ya tatu nililia. Ubeti wa kwanza anasimulia gongo. Wa pili anakiri kwamba kule shimoni kila mtu alikuwa na baba wa kumtaja, yeye akaona aibu, akadanganya kwamba baba yake ni dereva wa malori Sirari. Uongo huo ndio anaoutubu, mama, wala hajakukana. Halafu unakuja ubeti wa tatu, ambao simu zenu hazijawahi kuufikia: "Nilimtafuta shimoni, kumbe yuko nyumbani anapalilia migomba. Baba yangu anavaa kanga." Vijana wa hapa Nyamisangura wakifika hapo wanaruka.

Mtoto umembeba mgongoni, umeshindwaje kumwuliza swali moja? Haraka haraka haina baraka. Leo hii Wegesa akuwekee wimbo wote, maana naona yeye anaujua. Jumamosi lango liwe wazi tangu asubuhi, kuku achinjwe, na binti wa watu asisikie neno la ugomvi. Na Kornelio akikutambulisha kwake kwa jina la baba, usianze kueleza desturi. Itika.